Kusomea wanyama wenye mfuko huko Australia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa wanyamapori wa Morogoro, Mweka, Nairobi na Eldoret, na vijana wetu walioko ughaibuni ambao wameona nafasi ya kwenda fildi Australia. Kila jibu linajitegemea. Pale ambapo jambo limeshaelezwa kwingine, tumekuelekeza huko.

## Mambo ya mwanzo

Wanyama wenye mfuko ni wanyama gani hasa?

Ni mamalia ambao mtoto wao huzaliwa akiwa bado mbichi kabisa, kisha humalizia kukua akiwa ameng'ang'ania chuchu. Kangaruu mwekundu hubeba mimba siku 33 hivi tu. Kitoto kinachotoka hakifiki gramu moja na hakioni, ila miguu yake ya mbele ina nguvu ya kukikokota kwenye manyoya ya mama hadi ndani ya mfuko. Humo hukaa karibu miezi 8.

Duniani kuna zaidi ya spishi 330. Wengi wako Australia na New Guinea, na zaidi ya 100 wako Amerika, hasa Amerika Kusini. Jina lisikudanganye: si wote wenye mfuko. Numbati, mla mchwa wa kusini-magharibi mwa Australia, hana. Vitoto vyake huning'inia tumboni vikiwa vimefichwa na manyoya tu.

Afrika hatuna hata mmoja?

Hatuna aliye hai. Visukuku vya jamaa zao vimepatikana Fayum, Misri, lakini ukoo huo ulikwisha zamani sana. Kamendegere anayerukaruka usiku kwenye mbuga za Serengeti anafanana na kangaruu mdogo, ila yeye ni mgugunaji, ndugu wa panya.

Kwa nini niende mbali hivyo wakati nyumbani tuna wanyama tele?

Kama shabaha yako ni kuwa mtaalamu wa tembo, baki nyumbani. Sababu nzuri ya kwenda Australia ni kwamba ile ni nchi iliyopoteza wanyama kwa namna ambayo sisi hatujaiona. Tangu Wazungu walipohamia mwaka 1788, zaidi ya spishi 30 za mamalia zimetoweka kabisa. Wengi hawakumalizwa kwa risasi wala kwa kujengewa miji juu ya makazi yao. Waliliwa na paka na mbweha walioletwa na wahamiaji.

Waliotoweka zaidi ni wa uzito wa kati, kuanzia gramu 35 hadi kilo 5.5: mkubwa kiasi cha kumtosha paka au mbweha kwa mlo, mdogo kiasi cha kushindwa kujitetea. Kwetu macho yote huwa kwa wanyama wakubwa. Huko utafunzwa kuwatazama wadogo, na hilo kwa maoni yangu ndilo somo lenye thamani kuliko yote utakayorudi nayo.

Nimezoea kufanya kazi na simba na nyati. Ujuzi huo utanifaa?

Kidogo. Aliyefanya utafiti wa panya pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), akategesha mitego shambani kwa safu, akawatia alama na kuwakamata upya, ameshajua nusu ya kazi. Hesabu za kukadiria idadi ya betongi, jamaa mdogo wa kangaruu, ni zile zile za kukadiria panya shamba. Wengi huficha jambo hilo kwenye maombi yao wakidhani panya hawana hadhi. Liandike juu kabisa.

## Nafasi, pesa na karatasi

Nimwandikie vipi msimamizi nisiyemjua?

Usiandike "nawapenda koala". Kila mtu anawapenda koala. Andika swali.

Chukua mfano wa posumu mdogo wa milimani, mwenye uzito wa gramu 45 hivi, anayelala usingizi wa baridi chini ya theluji kwenye milima ya kusini-mashariki. Wanasayansi walimjua kwa visukuku tu hadi alipoonekana hai mwaka 1966 katika kibanda cha watelezaji theluji huko Mount Hotham. Akiamka majira ya kuchipua hutegemea sana nondo wa bogong, wanaoruka mamia ya kilomita kutoka nyanda za chini kuja milimani. Katika ukame wa 2017 hadi 2019 nondo hao walipungua mno, na vitoto vya posumu vikafa mifukoni kwa njaa. Hapo pana maswali mengi: mama hula nini nondo wakikosekana? Theluji ikiyeyuka mapema, ataamka kabla chakula hakijafika? Barua ya aya tatu yenye swali kama hilo, ikitaja kazi ya huyo msimamizi uliyoisoma kweli, husomwa. Ile ya kurasa nne za wasifu haisomwi.

Ni vyuo gani vya kuanzia?

Inategemea mnyama na mazingira. Kwa shetani wa Tasmania na kwoli, wanyama wenye mfuko walao nyama, University of Tasmania iliyoko Hobart. Kwa misitu ya mvua ya kaskazini, James Cook University. Kwa savana ya kaskazini, ambayo hali yake ya moto na masika itakukumbusha nyumbani, Charles Darwin University. Kwa kusini-magharibi kuna University of Western Australia, Murdoch na Curtin. Kwa jangwa, uliza University of New South Wales (UNSW). Ila usichague chuo kwa jina, mchague msimamizi.

Ufadhili upo?

Upo, ila zaidi kwa shahada za utafiti. Mpango wa serikali yao uitwao Research Training Program huwapokea pia wanafunzi wa nje, na hugawiwa kupitia vyuo. Ushindani ni mkali, na alama za shahada ya kwanza pamoja na machapisho huhesabiwa sana. Australia Awards nayo imekuwa ikichukua waombaji wa Afrika kwa shahada ya uzamili, lakini nchi na fani zinazopewa kipaumbele hubadilika, kwa hiyo soma tangazo la mwaka husika.

Uliza pia nani atalipia fildi yenyewe. Ada na posho ni jambo moja. Mafuta ya gari, kola za redio na chambo ni jambo jingine. Swali hilo si utovu wa adabu. Msimamizi mzuri hulitarajia.

Viza ni ngumu kiasi gani?

Ya mwanafunzi ni daraja namba 500. Ada yake ilipandishwa hadi dola 1,600 za Australia Julai 2024, kisha 2,000 Julai 2025, na hairudishwi ukikataliwa. Utatakiwa kuonyesha uwezo wa kujikimu (kiwango kilichowekwa Mei 2024 ni dola 29,710 kwa mwaka kwa mtu mmoja), bima ya afya ya wanafunzi wa nje, alama za Kiingereza na maelezo ya kwa nini unasoma hicho na kwa nini huko. Barua ya ufadhili kamili hurahisisha kipengele cha pesa.

Watokao nchi zenye kifua kikuu kingi hupigwa picha ya eksirei. Ukitokea nchi iliyo kwenye orodha yao ya homa ya manjano, kama Kenya, Uganda au Kongo, beba ile kadi ya njano.

Naweza kwenda kujitolea wiki chache tu?

Inawezekana. Viza ya mgeni huruhusu masomo yasiyozidi miezi 3, na hifadhi nyingi huchukua wanaojitolea. Uwe mwangalifu na makampuni yanayotoza pesa nyingi ili ukamlishe kangaruu kwa chupa. Hiyo ni utalii, na kwenye wasifu haitakusaidia kama ambavyo ingekusaidia wiki moja ya kukagua mitego.

Ninasoma Marekani. Je, muhula mmoja wa Australia unatosha?

Unatosha kuonja. Mihula hiyo huwa na mradi mdogo wa binafsi wa wiki chache mwishoni. Chagua kitu kinachokamilika: kuhesabu vinyesi kwenye vipande vya ardhi, au kuchambua picha za kamera. Kukamata mnyama na kumshika huhitaji vibali visivyopatikana kwa muda huo, isipokuwa uingie kwenye mradi uliokwisha navyo (tazama swali la vibali hapo chini).

## Fildi yenyewe

Siku ya kutega huendaje?

Jioni unachanganya siagi ya karanga, oti na asali, unavingirisha vidonge na kuvitia kwenye mitego. Kwa wadogo hutumika sanduku la alumini linalokunjwa. Kwa betongi na posumu hutumika kizimba cha waya kilichofunikwa gunia ili aliyenaswa apate giza na joto. Mitego yote ina namba, na kila namba iko kwenye daftari. Mtego mmoja ukisahaulika, kuna mnyama atakayekufia ndani yake.

Alfajiri mitego ikaguliwe kabla jua halijawa kali. Mnyama humshiki moja kwa moja. Unaweka mdomo wa mfuko wa amerikani kwenye mlango wa kizimba, anakimbilia gizani mwenyewe, unausokota mfuko na kumpakata magotini huku kichwa chake kikibaki ndani. Kisha unafunua sehemu moja moja: sikio la kuwekea alama, mgongo wa kupitishia kisoma chipu, mguu wa kupima, mfuko wa kuangalia kitoto. Wenye uzoefu humaliza kwa dakika chache na hawaongei. Akishaachiwa, mtego unafungwa au unategwa upya, na kazi ya mezani inaanza. Uwandani usingizi ni wa mchana.

Mama akikitupa kitoto nje ya mfuko, nifanye nini?

Swali hili huulizwa na kila mgeni baada ya siku ya kwanza, na afadhali ulijue kabla. Betongi na jamaa zake wakitishwa hulegeza mfuko na kitoto hudondoka. Porini ni ujanja: adui hushughulika na kitoto, mama anapona. Mikononi mwako ni msiba usio na sababu.

Ndiyo maana mfuko wa kitambaa hukaguliwa kwanza kabla mnyama hajaachiwa. Kitoto kikiwamo na bado hakina manyoya, hurudishwa mfukoni kwa vidole safi, chuchu huelekezwa mdomoni pake, kisha mdomo wa mfuko hufungwa kwa utepe wa hospitali ambao mama ataung'oa mwenyewe baada ya kutulia. Mama huachiwa taratibu, mara nyingi akiwa bado ndani ya mfuko wa kitambaa uliolazwa wazi chini ya kichaka, ili atoke kwa wakati wake. Usilifanye hili peke yako kwa mara ya kwanza. Tazama mwenye ujuzi, kisha ufanye akiwa kando yako.

Kuna njia zisizohitaji kukamata?

Zipo, na zinazidi kupendelewa: kamera za mitego, tochi za usiku zinazomulika mng'ao wa macho, nyayo mchangani, vinyesi, mbwa waliofunzwa kunusa vinyesi vya koala, na droni za kuona joto. Ukitumia tochi, mulika kwa nuru nyekundu au hafifu unapokaa na mnyama kwa muda.

Vibali ni vipi?

Viwili vikuu, na kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Cha kwanza ni idhini ya kamati ya maadili ya wanyama ya chuo, inayofuata mwongozo wa kitaifa. Kamati hiyo lazima iwe na mtu wa nje asiyehusika na utafiti, na ndiye huuliza maswali magumu kuliko wote. Cha pili ni leseni ya jimbo, kwa sababu wanyamapori husimamiwa na majimbo. Leseni ya Tasmania haikufai Queensland. Ukiongeza ruhusa ya mwenye ardhi, hesabu miezi kadhaa. Mwanafunzi wa uzamili asiyejiunga na mradi wenye vibali tayari hupoteza msimu mzima.

## Paka, sumu na uzio

Ni kweli uhifadhi wa huko ni kuua?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo, na ni heri ulisikie hapa kuliko kambini. Paka wa mwituni wapo karibu kila pembe ya Australia. Wanapigwa risasi, wanategwa, wanawekewa sumu. Katika kisiwa cha Dirk Hartog walimalizwa kabisa, ikatangazwa mwaka 2018, na ndipo wanyama wa asili wakaanza kurudishwa kwa wingi. Mwanafunzi halazimishwi kuua, lakini data yake mara nyingi itatoka kwa waliouawa: matumbo ya paka yakipasuliwa, mikia ya mijusi na taya za panya zikihesabiwa kwenye trei.

Kama moyo wako haukubali, sema mapema uchague mradi mwingine. Hakuna aibu. Kinachosumbua wenzako ni mtu anayegundua msimamo wake siku ya tatu kambini.

Sumu ya 1080, inayowekewa mbweha na paka, haiwaui wanyama wenyewe wa asili?

Kusini-magharibi, wengi wao haiwadhuru kirahisi. Vichaka vya jamii ya Gastrolobium vya huko hutengeneza sumu hiyo hiyo kiasili, na wanyama waliovila au kuishi navyo kwa karne nyingi wamejenga ustahimilivu. Mbweha hana. Juu ya bahati hiyo ya kimaumbile ndipo ulipojengwa mpango wa Western Shield, wa kutega chambo chenye sumu hiyo, ulioanza mwaka 1996. Mashariki mwa nchi ustahimilivu ni mdogo zaidi, kwa hiyo chambo huzikwa au hupangwa kwa uangalifu zaidi, na mjadala ni mkali. Afrika nako kuna mimea ya jamii ya Dichapetalum yenye sumu hii. Wafugaji wa kusini mwa bara wanaijua kwa kufiwa na ng'ombe.

Kuwazungushia wanyama uzio wa kuzuia paka na mbweha si kukiri kushindwa?

Wapo wanaosema hivyo, na hoja yao si ya kupuuza. Ndani ya uzio wa Arid Recovery karibu na Roxby Downs, Australia Kusini, ulioanza mwaka 1997, bilbi (mnyama mdogo mwenye mfuko na masikio marefu) na betongi wanastawi. Tatizo ni kwamba kizazi kinachozaliwa bila adui husahau kuogopa. Watafiti wa hapo, akiwamo Katherine Moseby, waliingiza paka wachache kwa makusudi kwenye sehemu ya eneo ili wanyama wajifunze, na bilbi waliokulia pamoja na paka walionekana kuwa waangalifu zaidi na kuokoka vizuri zaidi kuliko wasiowajua. Ni utafiti ambao mtu wa Serengeti, anayeona swala akijifunza adui tangu siku ya kwanza, anaweza kuuchangia mawazo kuliko anavyodhani.

Na shetani wa Tasmania?

Ugonjwa wa uvimbe usoni ulionekana mara ya kwanza mwaka 1996 kaskazini-mashariki mwa Tasmania. Ni saratani inayoambukizwa kwa kuumana, jambo la nadra sana duniani, na aina ya pili iligunduliwa mwaka 2014. Mwaka 2012 mashetani wasio na ugonjwa huo walipelekwa kisiwa cha Maria kama akiba. Wao walistawi, lakini pengwini wadogo wa kisiwa hicho, waliokuwa jozi 3,000 za kuzaliana, waliripotiwa mwaka 2021 kuwa wamekwisha. Ukitaka kisa cha kujadili kwenye usaili, hiki kina kila kitu.

Wenyeji wa asili wana nafasi gani katika utafiti?

Ni wenye ardhi katika maeneo mengi, na mara nyingi ndio wanaomjua mnyama. Majangwani, askari wanyamapori wa Kiaborijini husoma nyayo za bilbi na kukuambia ni za jana au za leo. Desturi yao ya kuchoma nyasi kidogo kidogo ilifanya nchi iwe viraka vya majani ya umri tofauti. Ilipokoma, moto mkubwa ukachukua nafasi. Kundi la mwisho la mwituni la mala, walabi mdogo wa jangwa la Tanami, liliteketea kwa moto mwaka 1991. Spishi hiyo bara ilinusurika kwa waliokuwa wamefugwa tu.

Ruhusa huombwa kabla ya kuandika pendekezo, sio baada. Kuna mahali pasipoingiwa na wanawake au wanaume, na picha zisizopigwa. Mtu aliyekulia mahali penye misitu ya kaya au mizimu haoni ajabu.

## Afya, usalama na maisha ya kambini

Hatari kubwa ni nyoka?

Ni gari. Kenya, Uganda na Tanzania tunaendesha kushoto kama wao, lakini anayetoka Kongo, Rwanda au Burundi ajifunze upya. Kangaruu huvuka barabara jua likizama na alfajiri, na kambi nyingi hukataza kuendesha usiku. Baada ya gari ni joto na kupotea: beba maji kuliko unavyodhani, na usiliache gari likiharibika. Kuhusu nyoka, vaa kinga za miguu, jifunze kufunga bandeji ya kubana kiungo chote, na piga 000, namba yao ya dharura.

Popo usiwaguse kabisa kama hujachanjwa. Wana virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa.

Nikipata homa nikiwa huko?

Mwambie daktari mara moja kwamba umetoka nchi yenye malaria na lini ulifika. Australia haina malaria ya kienyeji, na daktari wa mji mdogo anaweza asiifikirie mapema. Mbu wa huko wana virusi vya Ross River vinavyosababisha maumivu ya viungo, hivyo vipimo vya vyote viwili viombwe.

Naweza kubeba dagaa, unga na buti zangu za fildi?

Tamka kila kitu kwenye fomu ya kuingia. Chakula ambacho hakikutamkwa kinaweza kukutoza faini kubwa au kukufutia viza. Buti zisafishwe hadi kwenye nyufa za soli, kwa kuwa udongo hubeba magonjwa. Hata ndani ya nchi utaziosha tena na tena: kusini-magharibi kuna ukungu-maji wa Phytophthora unaoozesha mizizi na kuua pori zima.

Mwezi wa Ramadhani ukiangukia msimu wa kutega?

Mjulishe kiongozi wa kambi mapema. Watu hubadilishana zamu bila shida, na anayefunga mara nyingi hupewa zamu za usiku na alfajiri. Kwenye joto la jangwani kiongozi anaweza kukuzuia kutembea mchana kutwa, na ruhusa ya msafiri ipo. Nyama ya kambi kwa kawaida si ya halali, kwa hiyo agiza samaki wa kopo na maharage wakati wa ununuzi, sio mkishafika porini.

## Mambo ya pembeni

Nimekuta kangaruu amegongwa barabarani. Nifanye nini?

Simamisha gari mahali salama kwanza. Kama amekufa na ni jike, angalia mfukoni. Kitoto kilichokamata chuchu kisivutwe, kwa sababu kinywa chake huumia. Afadhali kumchukua mama na kitoto chake hivyo hivyo, au chuchu ikatwe karibu na mwili wa mama. Kiweke gizani na kwenye joto ndani ya shati, usikipe maziwa ya ng'ombe, na piga simu kwa waokoaji wa wanyama wa eneo hilo. Kukilea mwenyewe bila kibali ni kosa. Mzoga uvutwe kando ya barabara ili tai na mashetani wanaokuja kuula wasigongwe nao.

Naweza kurudi nyumbani na sampuli zangu?

Si kwa kuzitia kwenye begi. Sampuli za wanyama wa asili huhitaji kibali cha kutoka Australia, baadhi ya spishi huhitaji pia kibali cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini), na nchi yako nayo itadai chake cha kuingiza. Wengi huchambua kila kitu huko huko na kurudi na data. Makubaliano ya nani anamiliki data hiyo yaandikwe kabla ya safari, pamoja na jina lako litakaa wapi kwenye chapisho.